Damu Haipwi: Siku Sita, Tanga Hadi Mombasa na Kurudi

Alhamisi

Dada yangu alipiga simu saa tisa usiku. Hakutanguliza salamu. Midomo ya mtoto imekuwa myeupe, tumbo limemvimba upande wa kushoto, wako hospitalini tangu isha na madaktari wanataka damu. Mumewe ni baharia, yuko melini. "Kaka, sina wa kumwita ila wewe."

Nikamwambia naja. Kundi la damu la mtoto sikuliuliza, nami ni mwalimu wa baiolojia, na mada ya usafirishaji mwilini naifundisha kidato cha pili kila mwaka. Usingizi haukurudi tena.

Basi lilitoka Tanga saa mbili asubuhi. Horohoro tulikaa zaidi ya saa nzima: pasi, mizigo, kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Baada ya Lunga Lunga ni miwa ya Ramisi, kisha Msambweni, kisha Ukunda, kusi linavuma na minazi imeinama yote upande mmoja. Sikutia kitu kinywani njia nzima. Likoni tulishushwa wakati wa alasiri, nikavuka feri kwa miguu, nimebanwa katikati ya watu. Nikashika kifundo cha mkono, nikahesabu mapigo yangu kwa saa ya simu: 104 kwa dakika, na nilikuwa nimesimama tu. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100. Zile tezi mbili zilizokaa juu ya figo zikishamwaga adrenalini, moyo hausubiri habari kamili.

Wodini nilimkuta mpwa wangu amelala chali, macho nusu. Ana miaka minne, kilo 14. Nilifunua kiganja chake. Mistari ya kiganja cha mtoto huwa na wekundu ndani yake. Yake ilikuwa na rangi ya karatasi. Chini ya mbavu za kushoto palikuwa na mstari uliochorwa kwa kalamu ya bluu. "Hapo ndipo bandama lilipofika asubuhi," dada aliniambia. Nikaweka vidole. Lilikuwa limeshaupita mstari.

Daktari alikuwa kijana, anasema taratibu, na alitueleza kila kitu kwa Kiswahili chepesi. Mtoto ana seli mundu. Hilo tulilijua tangu ana miezi minane. Safari hii zile chembe zilizopinda zimekwama ndani ya bandama, bandama likavimba, likaifungia damu humo. Hata tone moja halijamwagika nje, ila damu iliyofungiwa haizunguki, na isiyozunguka ni kama haipo. Himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, imeshuka hadi gramu 3.9 kwa desilita. Siku zake za kawaida huwa 7 na ushei, na mtoto asiye na ugonjwa huu huwa na 11 au zaidi.

Nikakunja mkono wa shati. "Nitoeni mimi."

Mtaalamu wa maabara alinitoboa kidole, akaweka matone matatu kwenye kigae cheupe. La kwanza akalitia dawa ya bluu, la pili ya njano, la tatu dawa isiyo na rangi. Akayakoroga kwa kijiti, kila tone na kijiti chake, kisha akakiinua kigae na kukiyumbisha. La kwanza lilibaki laini vile vile. La pili likaanza kufanya chengachenga kama maziwa yaliyokatika, chenga zikivutana hadi pakabaki maji mepesi katikati. La tatu likafuata. Sikuhitaji kusomewa: B chanya.

Mtoto ni O.

Ni jambo aliloligundua Karl Landsteiner kule Vienna, akalichapisha mwaka 1901: damu za watu si aina moja, na ukizichanganya ovyo zinagandana. Kabla yake watu walikuwa wakiongezewa damu, wengine wakapona, wengine wakafa, na hakuna aliyejua kwa nini. Mwenye kundi O hubeba katika plazma yake, yale maji ya damu, kingamwili za kushambulia A na B zote mbili. Damu yangu ingeingia kwa yule mtoto, chembe zangu zingegandana na kupasuka ndani ya mishipa yake, himoglobini ikamwagika, figo zikaziba. Upendo wa mjomba haubadilishi hata herufi moja hapo.

"Nimetoka Tanga," nilimwambia yule bwana, kana kwamba umbali nao ni kundi la damu.

"Mwalimu, umekula?"

Sijala.

"Umelala?"

Sijalala.

"Basi hata ungekuwa O nisingekutoa leo. Kale, ulale, kisha urudi. Damu yako ina mwenyewe, ila si huyu."

Usiku wa kuamkia Ijumaa

Jokofuni palikuwa na mfuko mmoja uliofaa. Ulipoletwa niliusoma wote kama barua: namba, kundi O chanya, tarehe ya kutolewa, tarehe ya mwisho. Jina hakuna. Chembe nyekundu zikitiwa dawa ya kuzihifadhi na kuwekwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 6 hukaa siku 35. Huu ulikuwa na siku 11. Yaani siku 11 nyuma, mtu fulani alilala kitandani mkono umenyooshwa, akanywa soda, akaenda zake.

Manesi wawili walisimama pande mbili za kitanda. Mmoja alisoma namba ya mfuko kwa sauti, mwenzake akaifuata kwenye faili kwa kidole, tarakimu baada ya tarakimu, kisha wakabadilishana wakasoma upya. Saa za usiku kama zile, wodi nzima imechoka, wao wanasoma kama wanaoanza leo. Dripu ilipofunguliwa, nesi mmoja hakuondoka kwa robo saa nzima: joto, mapigo, pumzi, ngozi. Hatari kubwa ikiwepo hujitokeza mapema. Na walimpa kidogo kidogo, chini ya nusu ya mfuko. Daktari alisema bandama likilegea litairudisha ile damu liliyoifungia. Ukimjaza sana usiku huu, kesho damu itakuwa nzito kupita kiasi na haitapita.

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikitazama matone. Chembe moja nyekundu ina molekuli za himoglobini zaidi ya milioni 250, na kila molekuli ni minyororo minne ya asidi amino, kila mmoja umekunjwa kuzunguka madini ya chuma yanayoshika oksijeni. Kwa mtoto wetu, katika mnyororo wa beta, nafasi ya sita, pamekaa valini badala ya asidi glutamiki. Ni kosa hilo hilo moja. Oksijeni ikishashushwa, molekuli zinanatana na kuwa vijiti virefu, chembe inavutika na kupinda kama mundu. Chembe zangu huishi siku kama 120. Zake huishi 10 hadi 20, na uboho wake hukimbizana na hasara hiyo usiku na mchana.

Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi hii. Akakuta waliorithi jini hili kwa mzazi mmoja ni wengi pwani na kando ya Ziwa Viktoria, na ni wachache mno nyanda za juu. Mwaka 1954 akatoa sababu: malaria. Mwenye jini moja hukingwa sana na malaria kali. Mwenye mawili huugua seli mundu. Mbu wa pwani yetu walichagua nani aishi azae, vizazi kwa vizazi, na hapo ndipo jini lilipopata makazi. Darasani nalichora kwa kisanduku cha miraba minne: baba AS, yaani jini moja zima na moja la mundu, mama AS, kila mimba robo moja ya hatari. Wanafunzi wananakili, tunaendelea. Dada yangu ni AS na shemeji ni AS. Mvulana wao mkubwa, wa miaka 13, aliangukia mraba wa heri. Mdogo wake hakuangukia.

Ilipogonga saa tisa, saa 24 kamili tangu ile simu, nilimfunulia kope ya chini. Utando wa ndani ulikuwa umeanza wekundu hafifu kama wa ganda la kitunguu. Akafumbua macho, akaomba maji.

Ijumaa

Nililala nyumbani kwa dada, Kibokoni, hadi adhana ya Ijumaa iliponiamsha. Himoglobini ya mtoto asubuhi: 5.8. Bandama halijasogea mbele, halijarudi nyuma.

Jumamosi

"Kaka, mtoto ameshawekewa damu. Ya nini tena kwenda kujitoboa?" dada aliniuliza. Mama mkwe wake naye, bibi wa heshima ambaye hanyanyui sauti, akaongeza kwamba damu ya mtu ni nguvu zake, ikitoka haiendi bure.

Nikamjibu, "Ni kweli, bibi. Na ile iliyoingia kwa mjukuu wako haikutoka bure kwa mwenyewe." Akanyamaza kidogo, kisha akanisogezea mahamri na mbaazi. "Basi kula sawasawa."

Kwenye kituo cha kutoa damu walinipima uzito, kilo 71. Ukiwa chini ya 50 hawakutoi. Presha. Maswali marefu, mengine ya faragha, nami niliyajibu yote kwa ukweli kwa sababu upande wa pili wa majibu yale amelala mgonjwa. Halafu kikaja kile kipimo ninachokipenda kuliko vyote: chupa ndogo ya maji ya mrututu, ile chumvi ya shaba, bluu kama bahari ya Nyali saa sita mchana. Msichana aliniminya kidole, akadondosha tone la damu juu ya ule mrututu. Tone lilisita, likajikunja, likazama moja kwa moja hadi chini. Maji yale huchanganywa kwa uzito maalumu: damu yenye himoglobini ya kutosha ni nzito kuyashinda, huzama, yenye upungufu huelea au huchelewa. Hakuna betri wala kioo cha tarakimu.

Sindano ni nene, sitasema haiumi. Inauma, kisha inaacha. Mfuko uliwekwa juu ya mizani inayobembea, ili damu ichanganyike na sitreti iliyomo. Sitreti huikamata kalsiamu, na bila kalsiamu damu haiwezi kuganda. Mrija ulikuwa wa moto juu ya ngozi yangu. Hilo lilinishtua. Miaka yote nasema "nyuzijoto 37" ubaoni, na sikuwahi kuliona joto hilo likitoka kwangu na kupita juu ya mkono wangu mwenyewe.

Dakika tisa, mililita 450. Mwili kama wangu una lita tano hivi, kwa hiyo haikufika hata sehemu moja ya kumi. Maji ya plazma hurudi ndani ya siku mbili ukinywa vizuri. Chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa, na uboho wa mtu mzima hutengeneza kama milioni mbili kila sekunde. Kinachochelewa kurudi ni chuma, ndiyo maana mwanamume husubiri miezi mitatu na mwanamke minne.

Niliuliza itakwenda wapi. Kwanza maabara: virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C, kaswende. Ikiwa salama inaweza kugawanywa mafungu. Chembe nyekundu kwa aliyepungukiwa. Chembe sahani, zile za kuziba jeraha, hukaa siku tano tu, na hazitaki baridi. Hutikiswa polepole kwenye joto la chumbani. Plazma hugandishwa, hufika mwaka. Watu watatu kwa mfuko mmoja, na hakuna kiwanda duniani kinachotengeneza kitu hiki. Ukiisha jokofuni, umeisha, hadi mtu mwingine aje akunje mkono wa shati.

Jumapili

Niliporudi kutoka hospitalini nilikwama kichochoroni. Vijana wanne walibeba samadari nzima, imeungwa tayari, wakafika kwenye kona wakaipinda, ikagoma. Nyuma yao tukajipanga: mama na kikapu, mtoto na sinia la viazi karai, kijana na baiskeli, mimi. Mbele ya kitanda kichochoro kilikuwa kitupu hadi mwisho, jua limelala chini. Bibi mmoja akatoa kichwa dirishani: "Vueni mchago kwanza! Mnataka kuubomoa ukuta wa watu?"

Nilisimama pale nikaona ugonjwa wa mpwa wangu kwa macho. Chembe nyekundu yenye afya ina upana wa mikromita 7 au 8. Kapilari, mishipa myembamba kuliko yote, nyingine hazifiki hapo, zina 5. Inapita kwa sababu haina kiini ndani, inajikunja kama chapati mkononi, kisha inajikunjua upande wa pili. Zinapita moja moja, na katika kujibana huko ndiko oksijeni inakoshuka na hewa chafu inakopanda. Chembe mundu ni ngumu. Haikunjiki. Moja ikikwama konani, zote za nyuma zinasimama, na mbele ya kizuizi nyama inakaa bila oksijeni. Ndiyo yale maumivu ya mifupa yanayomfanya mtoto apige kelele hadi sauti inakauka, huku ukimtazama huoni jeraha.

Ndiyo maana daktari anasisitiza maji mengi, na ile dawa ya haidroksiyurea kila siku, inayouamsha mwili kutengeneza himoglobini ile aliyokuwa nayo mtoto tumboni mwa mama, ambayo hainatani. Dada aliwahi kuikatiza mtoto alipoonekana mzima. Sikumlaumu. Nilikaa naye jikoni tukaandika saa za dawa kwenye karatasi, tukaibandika kwenye friji.

Mchago ulivuliwa. Kitanda kilipita. Sote tukapita nyuma yake, mmoja mmoja.

Jumatatu

Baada ya alasiri nilimchukua yule mvulana mkubwa wa dada hadi pwani chini ya Fort Jesus. Maji yamepwa, mwani na majabali yako nje, mitumbwi imelala ubavu. Aliniuliza kama damu nayo inakwenda na kurudi hivi.

Swali kubwa kuliko umri wake. Kwa zaidi ya miaka elfu moja waganga waliamini hivyo hivyo. Galen, karne ya 2, alifundisha kwamba ini hutengeneza damu kutokana na chakula, damu ikajaa na kupwa mishipani, mwili ukaila ikaisha, na nyingine ikavuja kupitia vitundu kwenye ukuta wa kati wa moyo. Mwaka 1242 Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Damascus aliyefanya kazi Cairo, akaandika kuwa ukuta ule ni mzima, hauna vitundu: damu hutoka upande wa kulia, hupitia mapafuni, ndipo ikafika kushoto. Na mwaka 1628 William Harvey wa Uingereza akaufunga mzunguko wote kwa hesabu.

Tuliifanya ile hesabu palepale, kwa sababu mkokoteni wa maji ulikuwa ukipita barabarani na mitungi yake. Moyo hutoa kama mililita 70 kwa pigo. Mapigo 72 kwa dakika ni lita tano. Kwa saa, lita 300. "Mitungi mingapi ya lita 20?" Alihesabu kwa vidole: 15 kwa saa. Kwa siku nzima, 360. "Mjomba, hakuna mtu anayekula chakula cha kutengeneza mitungi 360." Hakuna. Kwa hiyo ni damu ile ile, inarudi.

Kisha mkono. Nilifunga leso juu ya kiwiko chake, mshipa ukatuna. Nikaubana kwa kidole kimoja karibu na kifundo cha mkono, kwa kidole cha pili nikaisukuma damu kuelekea juu hadi nikapita kifundo kidogo cha vali. Nikakiondoa kidole cha juu. Mshipa ulibaki bapa, mtupu. Damu ya juu haikushuka. Nikaachia cha chini, ukajaa mara moja, kutoka chini. "Tena," akasema. Tulifanya mara sita, kisha akanifanyia mimi. Vali zinafungulia upande mmoja tu, wa moyoni. Mahali pekee Harvey aliposhindwa ni kuona damu inavukaje kutoka ateri, mishipa itokayo moyoni, kwenda vena, mishipa irudiyo. Hakuwa na hadubini ya kutosha. Malpighi wa Italia alizionyesha kapilari kwenye mapafu ya chura mwaka 1661, Harvey ameshafariki.

Bahari inapwa. Damu haipwi.

Tulipita hospitalini kabla ya magharibi. Mtoto alikuwa ameketi, anakula wali kwa mkono. Himoglobini 7.4, na hakuongezewa tena. Bandama limeanza kuiachia ya kwake. Daktari alimlaza, akabonyeza taratibu chini ya mbavu. Ule mstari wa bluu ulikuwa umefifia kwa kuoshwa, na mstari mpya aliouchora ulikuwa juu yake kwa upana wa vidole vitatu.

Jumanne

Feri ya asubuhi, kusi kali, chumvi usoni. Dada alinifungia mkate wa mofa na akanishika mkono muda mrefu bila kusema.

Kwenye kiwiko nina doa. Sindano ilivujisha kidogo chini ya ngozi, na damu iliyotoka njiani haina pa kwenda. Huvunjwa papo hapo. Jumamosi lilikuwa zambarau, leo ukingo wake una kijani, ya bilivedini, na kesho kutwa litakuwa njano, ya bilirubini. Kadi yangu ya kutoa damu imo ndani ya pasi, na tarehe ya kurudi imeandikwa.

Horohoro ofisa aliiona kadi alipofungua pasi. Akalitazama doa.

"Umetoa damu?"

"Nimetoa."

"Kundi gani?"

"B."

Aliigeuza kadi, akaisoma nyuma na mbele. "Mimi langu silijui," akasema. Akagonga muhuri, akanirudishia vyote viwili, akamwita aliyekuwa nyuma yangu.